Umbo la fuvu pekee halimtaji marehemu

Mfiwa hupata faraja ajuapo kaburi la mpendwa wake liliko. Lakini asiye na hakika ni nani aliyelazwa humo, kilio chake hakina kikomo. Ndiyo sababu yafaa tujiulize wataalamu wanaweza kulitegemea umbo la fuvu kwa kiasi gani wanapotafuta jina la marehemu.

Kisa cha Mtwa Mkwawa wa Wahehe ni funzo kubwa. Alijiua mwaka wa 1898 ili asitiwe mbaroni na Wajerumani, nao wakamkata kichwa. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliitaka Ujerumani ilirejeshe fuvu hilo, lakini miaka ikapita. Mnamo 1953, Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda katika jumba la makumbusho la Bremen akiwa na vipimo vya vichwa vya jamaa za Mkwawa. Upana wa kila fuvu uligawanywa kwa urefu wake, na moja lililokaribiana na hesabu ya ukoo huo, tena lenye tundu, likateuliwa. Mwaka uliofuata lilikabidhiwa Wahehe huko Kalenga.

Simnyimi mtu haki ya kuliheshimu fuvu hilo. Hata hivyo, hesabu ile, iliyobuniwa na Anders Retzius wa Uswidi katika miaka ya 1840, haiwezi kumtaja mtu mmoja, kwa kuwa wengi wasio na udugu wowote huwa na uwiano ule ule.

Humu nchini, kipimo hicho kiliwahi pia kutumiwa kutudhalilisha. Katika miaka ya 1930, Dkt H. L. Gordon alipima vichwa vya Waafrika na kudai kwamba akili zao zilikuwa duni.

Wapo watakaosema basi kitupiliwe mbali. Sikubaliani nao. Muuguzi anayezungusha utepe kichwani mwa mtoto mchanga huweza kugundua mapema maji yanayojaa humo, na maisha yakaokolewa. Vivyo hivyo, fuvu pamoja na nyonga humwezesha mtaalamu kukadiria kama marehemu alikuwa mume au mke. Kosa si la utepe, bali la anayeulazimisha useme usiyoyajua.

Tukumbuke Shakahola. Tangu mwaka wa 2023, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa huko. Mingi ilikuwa imeharibika, ikabidi jamaa watoe sampuli za DNA, na familia za kwanza zikakabidhiwa maiti wao mwaka wa 2024. Kungoja huko kuliwatesa. Lakini kumzika mgeni ukidhani ni mwanao ni mateso makubwa zaidi.

Serikali haina budi kuziimarisha maabara zake na kuwasomesha wataalamu wa mifupa. Pia, vipimo vya kulinganishia vitokane na Wakenya wenyewe, kwa idhini yao, kwani kanuni zilizotungwa kutokana na mafuvu ya Ulaya na Marekani zaweza kutupotosha. Fuvu lipunguze orodha ya wanaotafutwa, kisha DNA ithibitishe jina.

Marehemu hawezi kujitetea akiitwa jina lisilo lake. Ni wajibu wetu tulio hai kumtetea.