Acheni Kuuzia Watu Seva Kubwa, Rudisheni Miunganisho Mliyoshika

Wasee, leo nitawakasirisha madevelopa wenzangu. Ndio tusionewane, naanza na mimi mwenyewe.

Tarehe 24 Desemba, mwaka juzi, Soko la Burma. Kama hujawahi kufika Burma siku ya kuamkia Krismasi, hujui foleni ni nini. Nyama inashuka alfajiri, kuku wanapiga kelele kwenye vizimba, na watu wa kutoka Kaloleni, Makongeni hadi Buruburu wote wanataka kilo zao sasa hivi. Wazee wa Shauri Moyo hukwambia jina la soko lilikuja na askari wa KAR waliorudi kutoka kupigana Burma kwenye Vita vya Pili vya Dunia. Siku hiyo kulikuwa na vita vingine hapo, na mimi ndiye nilivianzisha.

Nilikuwa nimewajengea kikundi cha wauza nyama mifumo mitatu ya kwenye wavuti. Wa kwanza, mteja anaagiza na kulipa kwa M-Pesa. Wa pili, hesabu za kikundi: nani ameuza nini, nani anamdai nani. Wa tatu ni wa watu wa boda, waone mzigo unaenda wapi. Yote mitatu inasoma databesi moja, PostgreSQL, kwenye seva moja ya kukodi. Saa moja asubuhi tukatuma meseji ya ofa kwa wateja wote kwa mpigo. Saa moja na dakika kumi, kila kitu kimekufa.

Na sio mfumo wa kuagiza peke yake. Yote mitatu. Watu wa boda wamesimama na mizigo, nyama inatoa jasho kwenye mifuko, simu zinaonyesha ukurasa mweupe. Mathe mmoja wa kuku ameshachinja za oda na hajui ipi ni ya nani. Mzee anayeongoza kikundi akanitazama kwa upole, na upole huo uliniuma kuliko matusi. Akasema, "Kijana, nyama haingoji kompyuta."

Nikamjibu nini? Nikamjibu vile kila developa wa hii Nairobi hujibu: "Mzee, seva ni ndogo. Tuongeze." Wakaongeza. Wakaanza kulipa mara mbili kila mwezi, pesa ya watu wanaoamka saa tisa usiku. Na siku ya kuamkia Mwaka Mpya, mfumo ukaanguka tena, vile vile, kwenye seva kubwa.

Huo uongo wa "seva ni ndogo" ndio nataka tuuzike leo. Pamoja na binamu yake, "tumedukuliwa". Najua, Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa kweli, na waziri wa wakati huo, Eliud Owalo, akakiri hadharani. Lakini tangu hapo, kila tovuti ya kuuza viatu ikilala, mwenyewe anakwambia ni wadukuzi. Buda, hakuna mdukuzi. Ni wewe mwenyewe, na miunganisho yako.

Acha nieleze polepole, hata kama wewe sio mtu wa kompyuta. Kila mara mfumo ukitaka kuongea na databesi, lazima ufungue muunganisho. Kuufungua kunachukua muda, kwa hiyo mifumo haifungui mpya kila mara. Inaweka michache kwenye kapu: unakopa mmoja, unauliza swali lako, unaurudisha, mwingine anaukopa. Watu wa programu huliita kapu hilo puli. Ni kama kisu kizuri kwenye kibanda cha watu wanne. Kisu kimoja kinatosha wote, mradi hakuna mtu anayeenda nacho kunywa chai.

Sasa hesabu. PostgreSQL ukiiacha vile ilivyokuja, inakubali miunganisho 100 kwa wakati mmoja. Kati ya hiyo, 3 imewekewa msimamizi. Wananchi wa kawaida wanabaki na 97. Mimi nilikuwa natumia Python na maktaba ya SQLAlchemy, ambayo usipoigusa inaruhusu kila nakala ya programu kuweka kapuni miunganisho 5, na ikibanwa iongeze 10. Jumla 15. Mfumo wa kuagiza ulikuwa na nakala 4: hiyo ni 60. Hesabu, nakala 2: 30. Boda, nakala 2: 30. Jumlisha.

Mia moja na ishirini. Kwenye nafasi 97.

Hii sio sayansi ya roketi. Ni hesabu ya darasa la tatu, na sikuifanya. Kwa sababu kila mfumo niliujenga kivyake, nikaujaribu kivyake, na kila mmoja ulikuwa poa kivyake. Makapu matatu hayakujua kama mengine yapo. Hapo ndipo watu wengi hupotea: tunapanga kapu la mfumo mmoja, tunasahau mlango ni mmoja.

Lakini hata hiyo sio dhambi yangu kubwa. Dhambi kubwa ni hii. Mteja akibonyeza "lipa", msimbo wangu ulikuwa unakopa muunganisho, unaandika oda, unatuma ombi la malipo, halafu unangoja ile meseji ya kuweka PIN iruke kwenye simu, mteja atafute miwani, aulizwe na mtoto kitu, aweke PIN. Ndipo muunganisho urudishwe. Sekunde 30 hivi. Muda huo wote databesi haifanyi chochote. Imeshikwa tu mkono.

Piga hesabu nyingine. Oda 2 kila sekunde, kila moja ikishika muunganisho kwa sekunde 30: unahitaji miunganisho 60. Zile 60 zote za mfumo wa kuagiza, zimeisha. Asubuhi hiyo hesabu za mwisho wa mwaka nazo zilikuwa zinakokotolewa, zikachukua 30. Watu wa boda wakabaki na 7, na kila aliyefika baada ya hapo akarudishiwa ujumbe kwamba nafasi zilizobaki ni za msimamizi tu. Kumbe ile kazi halisi ya kuandika oda kwenye databesi inachukua kama sekunde 0.02. Mbili mara 0.02 ni 0.04. Yaani muunganisho mmoja tu ungetosha wateja wote, na angepata hata muda wa kupumzika!

Ndio maana seva kubwa haikusaidia. Tuliongeza memori, tukaongeza prosesa, lakini ule mpaka wa 100 ulibaki pale pale kwa sababu hakuna aliyeugusa. Tulijenga ukumbi mpya tukaacha mlango wa zamani. Najua kuna mtu ameshaanza kuniambia, "Si ungepandisha hiyo 100 iwe 500?" Msee, kwa PostgreSQL kila muunganisho ni prosesi nzima inayokula memori yake. Na seva yenye koa 4 inafanya mambo 4 kwa wakati mmoja, basi. Kuna mwongozo unaozunguka miaka mingi kwa watu wa PostgreSQL: anza na mara mbili ya koa, ongeza idadi ya diski. Kwa koa 4 na diski moja, hiyo ni 9. Tisa! Nenda kibanda chochote cha Burma chenye magogo manne ya kukatia. Ukiingiza wateja mia nyuma ya kaunta, nyama haikatwi haraka zaidi. Wanakanyagana tu.

Sasa nilifanya nini? Kwanza, nilitenganisha malipo. Oda inaandikwa kama "inangoja malipo", muamala unafungwa, muunganisho unarudi kapuni, halafu ndio ombi la PIN linatumwa. Daraja ya Safaricom yenyewe imepangwa hivyo: unatuma ombi, jibu linakuja baadaye kwenye anwani uliyowapa. Jibu likifika, unakopa tena kwa kufumba na kufumbua, unaandika "imelipwa". Kusimama pale ukingoja ilikuwa ni akili yangu mwenyewe.

Pili, niliweka PgBouncer mbele ya databesi. Mifumo yote inaongea nayo, yenyewe ndiyo inashika miunganisho michache ya kweli na kuigawa muamala kwa muamala. Nikaupa kila mfumo jina lake la kuingilia na fungu lake: kuagiza 10, boda 6, hesabu 4. Jumla 20. Hesabu zikitaka kujifanya bosi, zinapiga foleni kwenye fungu lao, na boda anaendelea na kazi. Kumbuka tu, PgBouncer nayo huja na kikomo cha wateja 100, ukipandishe. Na usiiweke kwa hali ya muamala kabla hujasoma, kwa sababu vitu vinavyokaa na kikao kizima, kama LISTEN na zile kufuli za hiari, vitakuvunjikia.

Tatu, nilianza kuangalia. PostgreSQL ina jedwali linaitwa pg_stat_activity linalokuonyesha kila muunganisho na unachofanya. Ningelifungua ile asubuhi, ningeona safu nzima ya miunganisho imekaa tu ndani ya muamala, haifanyi kitu. Dakika mbili. Badala yake niliuliza mzee pesa.

Mtanikatalia kwamba nyinyi ni wadogo, wateja wenu sio wengi. Sawa. Mimi pia nilikuwa mdogo, hadi meseji moja ya ofa. Wengine mtasema huduma za wingu zinajipanga zenyewe. Zinajipanga, ndio, na zinakutumia bili. Ukishika muunganisho sekunde 30 kwenye wingu, umeushika sekunde 30 tu, ila sasa kwa dola.

Na wale wa "hatukufundishwa": PgBouncer ilitolewa na watu wa Skype mwaka 2007. Mwaka ule ule M-Pesa ilizinduliwa Kenya. Tumejifunza kutuma pesa, kukopa Fuliza na kulipa kwa Till, lakini kuhesabu miunganisho imetushinda? Tunajua kutengeneza ukurasa wenye rangi za kutetemeka, lakini swali la "mifumo yangu yote kwa jumla inaomba mingapi?" hatujawahi kujiuliza.

Kinachoniuma ni kwamba kosa letu halituumizi sisi. Mimi ile asubuhi sikulala njaa. Kuku waliokosa mwenyewe walikuwa wa yule mathe, na niliwalipa baadaye, kidogo kidogo, kwa sababu ilikuwa haki yake. Mteja wa Burma hajui databesi ni nini. Anakuamini vile anamwamini muuza nyama na mizani yake. Ukimwambia "seva ni ndogo" na hujapiga hesabu, umechezea mizani.

Pasaka iliyofuata tulituma meseji ya ofa tena, tukiwa tumerudi kwenye seva ile ndogo ya kwanza. Nilikaa pale sokoni na laptopu kwenye mapaja, mkono unatetemeka. Miunganisho ya kweli haikupita 20. Boda wakaondoka. Mzee akapita, akachungulia skrini, akauliza, "Leo hiyo kompyuta imeshiba?"

Nikamwambia, "Hapana mzee. Leo imejifunza kurudisha kisu."

Kwa hiyo kabla hujaitisha mtu pesa ya seva, chukua karatasi. Andika kila mfumo, nakala zake, kapu lake. Zidisha, jumlisha, linganisha na mlango. Mwenye kubisha abishe, lakini aje na hesabu yake.