Pampu ikiungua, keateka asikatwe mshahara
Na Mwangi Karuga

Sensa ya 2019 iliikuta Ruiru na watu 490,120, mji wa nne kwa wingi wa watu nchini, na ghorofa zinazidi kuota. Siku ya mgao, maji ya kaunti huingia tangi la chini. Kufika paani ni kazi ya pampu. Anayebonyeza swichi ni keateka. Pampu ikiungua, mwenye ploti humkata mshahara. Huo ni uonevu.

Pampu hizi ndogo za uani hazijui kufyonza hewa. Kabla ya kuwashwa, tumbo lake na bomba linaloshuka tangini sharti vijae maji, na valvu iliyo mwisho wa bomba ndiyo huyazuia yasirudi. Valvu ikinasa changarawe, maji hutoroka usiku, na asubuhi pampu inawashwa kavu. Sili ya shafti hupozwa na maji hayohayo. Yakikosekana, inaungua upesi, huku mota ikizunguka kwa sauti tamu kabisa. Keateka ambaye hakuelezwa atajuaje?

Kwa ploti zinazotumia kisima, kuna na kina chake, na hapa mafundi wetu hawatazami ramani. Kwa kweli pampu haivuti: inapunguza shinikizo ndani ya bomba, na uzito wa hewa ya nje ndio unaosukuma maji yapande. Mombasa hewa hiyo haiwezi kuyainua kupita mita 10 na kidogo, hata kwa hesabu za karatasi. Ruiru iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na kikomo kinashuka hadi mita 8.5 hivi. Toa msuguano wa bomba na viungo vinavyovuja, ukipata sita shukuru. Mwenye kisima cha mita nane aliyeweka pampu juu ya ardhi alihitaji ya kuzamishwa majini, si keateka mwingine.

Stima nayo. Jioni, kila nyumba ikipika, volti hushuka na mota hunguruma bila kuzunguka. Izimwe papo hapo. Kama si volti, huenda ni kapasita imechoka, au shafti imeganda kwa kukaa bila kazi. Stima ikishakatwa kwenye meni swichi, bisibisi kwenye feni ya nyuma itasema ni lipi. Kinachochoma koili ni kuiacha ingurume kwa matumaini kwamba itashika.

(Mji huu ndio uliowasha taa za Nairobi kwa maporomoko ya mto wake, mwanzoni mwa karne iliyopita. Leo tunanunua stima ili maji yatufikie.)

Floti ya tangi la chini, inayozima pampu maji yakiisha, ni rahisi kuliko kusuka koili upya. Mwenye ploti ambaye hajaifunga asome kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007: mshahara hukatwa kwa hasara iliyotokana na mfanyakazi kukiuka wajibu wake kwa makusudi. Kuwasha pampu ulivyoagizwa si makusudi.