Fikra za Kihakiki na Jani la Muguka: Kasoro ya Kozi za Jumla katika Vyuo Vikuu vya Meru na Embu

Kuna imani iliyoota mizizi katika vyuo vikuu vya Kenya kwamba fikra za kihakiki ni somo linaloweza kutengewa saa zake kwenye ratiba, likafundishwa mwaka wa kwanza, likatahiniwa, kisha likafungwa. Imani hiyo ndiyo inayozaa kozi za jumla ambazo wanafunzi wa kilimo, uuguzi, biashara na ualimu hukusanywa ukumbini kuzisikiliza. Humo huelezwa hoja ni nini na hitimisho ni nini, na aina za mantiki potofu huorodheshwa pamoja na mifano isiyo na mwenyewe: binadamu wote hufa, Socrates ni binadamu. Mwanafunzi hukariri majina, huyarudisha kwenye karatasi ya mtihani, na hayaulizwi tena. Dai linalotetewa hapa ni kwamba utaratibu huo haufundishi kufikiri, na kwamba walimu wa fasihi, ambao wangepaswa kuwa wa kwanza kuupinga, wameuzoea.

Ithibati haiko mbali. Mnamo Mei 2024, Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alitoa agizo la kupiga marufuku muguka katika kaunti yake. Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Jani hilo, ambalo ni la jamii ya miraa, hulimwa zaidi Mbeere katika Kaunti ya Embu, na wakulima wake waliona riziki yao imefungiwa njia. Rais William Ruto alitangaza kwamba maagizo hayo hayana nguvu, kwa kuwa zao hilo linatambuliwa na Sheria ya Mazao ya mwaka 2013 na kanuni zake za mwaka 2023. Mahakama Kuu ya Embu nayo ikasimamisha utekelezaji wake kwa muda.

Yaliyosemwa katika mgogoro huo yangetosha kozi ya muhula mzima. Pwani ilidaiwa kwamba muguka huwaharibu vijana, wakaacha shule na kazi. Swali ambalo dai hilo huliruka ni kama kijana aliacha shule kwa sababu ya muguka, au aliuendea muguka kwa kuwa shule na kazi vilikwisha kumponyoka. Embu ilijibiwa kwamba zao hilo ndilo linalosomesha watoto wa Mbeere. Jibu hilo ni la kweli, ila ni jibu la swali jingine. Karo iliyolipwa haithibitishi kwamba jani halidhuru. Hata hoja ya Rais ilikuwa na mpaka wake, kwani uhalali wa zao si cheti cha usalama wake. Wala tatizo hili si geni kwa watu wa Meru. Mnamo Januari 2013, baraza la wataalamu wanaoishauri serikali ya Uingereza kuhusu dawa za kulevya lilipendekeza miraa isipigwe marufuku, kwa kuwa ushahidi wa madhara yake haukutosha. Serikali hiyo ikaipiga marufuku hata hivyo, kuanzia Juni 2014, na wakulima wa Igembe wakapoteza soko. Je, uhaba wa ushahidi wa madhara ni ushahidi wa kutokuwapo madhara? Mwanafunzi anayeweza kulijibu swali hilo, kwa kupima uzito wa pande zote, amefikiri. Anayeweza kutaja jina la kosa la kimantiki linalohusika amekumbuka tu.

John McPeck aliwahi kusema, katika kitabu chake cha mwaka 1981, kwamba kufikiri daima ni kufikiri juu ya kitu fulani, na kwa hiyo hakuna ustadi wa jumla wa kuhakiki unaoelea juu ya taaluma zote. Katika hilo alisema kweli. Hata hivyo, fundisho lake likichukuliwa kuwa ruhusa ya kila idara kujifungia chumbani mwake, litakuwa na hasara ile ile. Mkemia ataeleza kathinoni na jinsi inavyopungua jani linaponyauka. Mwanauchumi atahesabu mapato. Mwanasheria atatenganisha mamlaka ya kaunti na ya taifa. Nani atauliza kwa nini jani lile lile liitwe sumu Mombasa na riziki Mbeere, na kila jina linaficha nini? Hiyo ni kazi ya mhakiki wa fasihi, na mkemia anaihitaji kama vile mhakiki anavyohitaji kemia.

Lakini mhakiki mwenyewe yuko wapi? Hapa ndipo lawama inaporudi nyumbani. Tamthilia ya Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, mwana wa Tharaka, iliyochapishwa mwaka 2001, ilitahiniwa katika shule za sekondari kwa miaka kadhaa. Ni kazi inayohoji mamlaka ya mtawala anayewanyima raia maji. Ilisomwaje? Aghalabu kwa mwongozo: dhamira hizi, sifa hizi za Mwelusi, tamathali hizi, kariri. Kazi ya kuhoji amri ikafundishwa kwa amri. Mwanafunzi wa namna hiyo akifika chuoni hukuta mhadhiri wa fasihi anayetumia orodha ile ile, ndefu kidogo, yenye majina ya wananadharia. Kudai kwamba fasihi kwa asili yake hunoa akili ni kujisifu kusiko na msingi. Fasihi hunoa akili pale tu msomaji anapolazimika kuitetea tafsiri yake mbele ya mwenzake anayeipinga.

Marehemu H. Odera Oruka, aliyefundisha falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, aliliona jambo hili kwa njia nyingine. Katika Sage Philosophy, kitabu cha mwaka 1990 kinachowahoji wazee kadhaa, akiwamo M'Mukindia Kithanje wa Meru, aliwatenga wahenga wanaoyajua mapokeo ya jamii na kuyasimulia, na wale wanaoyapima na kuyakataa inapobidi. Kwa kipimo hicho, mhitimu wa kozi ya jumla ni mhenga wa daraja la kwanza, tena mwenye mapokeo ya kuazima.

Isitoshe, kozi hizo hufundishwa kwa Kiingereza, ilhali mkulima wa Mbeere na mzazi wa Mombasa walipotaka kusemezana kuhusu muguka, lugha iliyowakutanisha ni Kiswahili. Chuo kinachomfundisha kijana kuhoji kwa lugha moja pekee kinamtoa nje ya baraza ambamo mambo yake huamuliwa.

Yamkini itasemwa kwamba kumbi zimejaa na walimu ni wachache. Ni kweli, na ndiyo maana orodha za makosa ya kimantiki hupendwa, kwa kuwa husahihishwa upesi. Chuo Kikuu cha Embu, kilichopata hati yake mwaka 2016, kilianzia katika chuo cha kuwafunza maafisa wa kilimo. Kina wanakilimo wa kuketi meza moja na walimu wa lugha. Mtihani wa kozi ya namna hiyo ungekuwa na swali moja: mwanafunzi apewe agizo la Mombasa na hoja za wakulima wa Mbeere, atafute palipo na hoja dhaifu kuliko zote katika upande anaouunga mkono yeye mwenyewe, na aruhusiwe kujibu kwa Kiswahili.