Deni la Tathmini

Ripoti za miradi zinazofika mezani kwetu zinafanana mno. Jalada lina nembo ya mfadhili, ndani kuna orodha ya warsha, kisha hufuata idadi: waliofunzwa ni wangapi, vitabu vilivyogawiwa ni vingapi, visima vilivyochimbwa ni vingapi, wanawake wangapi na wanaume wangapi. Idadi hizo kwa kawaida ni za kweli, na waliozikusanya wametoka jasho. Lakini mama aliyeliacha shamba lake siku nzima ili akae semina ana haki ya kuuliza jambo jingine: kimebadilika nini, na kama msingekuja, kisingebadilika chenyewe?

Sehemu ya pili ya swali hilo ndiyo inayokwepwa. Ili kuijibu, lazima upate watu au vijiji ambavyo mradi haukuvifikia, vinavyofanana kweli na vile ulivyovifikia. Hapo ndipo wengi wetu huteleza, na sijaona mahali panapoonyesha kuteleza huko kama Busia, magharibi mwa Kenya. Katika miaka ya 1990, shirika la Kiholanzi lililokuwa likisaidia shule za msingi za huko lilikubali ombi la watafiti, mmoja wao Michael Kremer: shule zinazoanza kupata msaada zisichaguliwe kwa kuangalia mwalimu mkuu gani ana ushawishi, bali zigawanywe bila upendeleo, nyingine zisubiri zamu. Fedha hazikutosha shule zote kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo kusubiri kungekuwepo vyovyote vile.

Shirika liligawa vitabu vya kiada. Wastani wa alama haukupanda. Waliofaidika ni wanafunzi waliokuwa wakiongoza darasa tangu awali. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa watoto wengi wa vijijini hiyo ni lugha ya tatu, baada ya ile ya nyumbani na Kiswahili.

Zikaja chati za ukutani, na hapa nawaomba wasomaji wetu wa asasi za kiraia wasome polepole. Watafiti walipochukua shule zilizokwisha kuwa na chati wakazilinganisha na zisizo nazo, chati zilionekana kupandisha alama vizuri tu. Walipozigawa upya katika nusu ya shule 178, bila upendeleo, tofauti ilitoweka. Shule iliyokuwa na chati tangu mwanzo huenda ilikuwa pia na wazazi wanaofuatilia au mwalimu mkuu asiyelala, na sifa ya hao wote ikapewa karatasi ya ukutani. Ni ripoti ngapi za mafanikio katika kabati zetu zimeandikwa kwa njia ile ya kwanza? Naamini ni nyingi sana.

Lililofanya kazi ni dawa ya minyoo. Katika utafiti ulioanza mwaka 1998 kwenye shule 75, utoro ulipungua kwa takriban robo, ingawa alama za mitihani hazikubadilika. Mwaka 2015 watafiti wengine walizirudia hesabu hizo, wakakuta makosa na kuzua mabishano makali; waliweza kufanya hivyo kwa sababu takwimu zenyewe ziliwekwa wazi. Watafiti wa awali hawakuacha kuwafuatilia watoto wale. Mwaka 2021 ilichapishwa taarifa kwamba, miaka 20 baadaye, waliopata dawa kwa miaka miwili au mitatu zaidi walikuwa na kipato cha saa kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 13. Mradi wa kawaida hufungwa baada ya miaka mitatu, gari likauzwa, ofisi ikarudishwa kwa mwenye nyumba. Nani angebaki kuona hayo?

Najua jibu la mwenye kikundi kidogo: hatuna wachumi, hatuna shule 178. Ni kweli, na sitaki mfadhili yeyote ayatumie maneno haya kukidai kikundi cha watu ishirini kifanye utafiti wa chuo kikuu. Kuna kazi nyingine iliyo ndani ya uwezo wake, nayo ni kurudi. Unguja, katika eneo la Jozani, shirika la CARE lilianzisha vikundi vya kuweka na kukopa. Waliorudi miaka kadhaa baada ya mradi kwisha walivikuta vikundi hai, na vipya vimezaliwa bila senti ya mfadhili. Hakuna karatasi ya mahudhurio inayoweza kusema hivyo. Na ndani ya vikundi vya aina hiyo tathmini haijawahi kuwa jambo la wageni: sanduku lina makufuli matatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na siku ya mgawo fedha huhesabiwa mbele ya kila mwanachama, aliyesoma na asiyesoma.

Ndiyo maana nasema tathmini ni deni, na mdai wa kwanza ni yule aliyeulizwa maswali. Mtu hujibu dodoso saa nzima, akataja mapato yake, magonjwa ya watoto wake na idadi ya milo, kisha asisikie tena neno. Matokeo yake yanasomwa Nairobi, Stockholm au London, kwa lugha asiyoijua. Bajeti ya tathmini isiyo na fungu la kurudisha matokeo kijijini, kwa Kiswahili, kwenye mkutano ambao watu wanaweza kubisha, haijakamilika.

Wafadhili nao wana deni lao: kutomwadhibu anayesema ukweli. Asasi ya Twaweza, iliyoanzisha upimaji wa Uwezo ambao watu wa kujitolea hupita nyumba kwa nyumba kuona kama watoto wanaweza kusoma, ilikaribisha watafiti wa nje nchini Kenya. Hao walikuta kwamba wazazi kuambiwa matokeo ya watoto wao hakukuwabadilisha kwa kiasi cha kuonekana. Twaweza ililijadili jambo hilo hadharani. Shirika dogo likithubutu vivyo hivyo, mara nyingi hukosa awamu ya pili ya fedha, na anayefuata hujifunza kunyamaza. Mfadhili aandike ndani ya mkataba kwamba matokeo mabaya yaliyotolewa kwa uaminifu hayatakuwa sababu ya kukata msaada.

Kwa upande wetu, kuanzia toleo hili tunatenga kurasa kwa ajili ya miradi ambayo haikufanya kazi. Tutumieni kilichotarajiwa, kilichotokea na mlichokilinganisha nacho. Na mtueleze wanakijiji walisema nini mlipowasomea.