Koko akiacha kucheka

Katika jamaa zetu nyingi koko ana ruhusa ya kumwita mjukuu wake "bwana yangu", na mjukuu kumjibu, "Mke wangu, leo ugali haukuiva!" Utani huu una faida. Mzee akicheka sana, anavuta pumzi nyingi, misuli inafanya kazi, na mwili wenyewe unatoa kitu kinachopunguza maumivu. Lakini kicheko kinataka mwenzi. Koko anayeletewa sahani yake chumbani, wengine wote wakiwa kando ya moto, atacheka na nani?

Kwa hiyo, koko aliyezoea kutania akinyamaza, tusiseme tu, "Ni uzee." Tuulize. Je, anasikia vizuri? Asiposikia, mzaha unampita. Meno yanamuuma? Anaogopa kucheka kwa sababu mkojo unamtoka? Hilo huwapata wanawake wengi waliozaa, nao huona haya kulisema. Au moyo wake umelemewa tangu kufiwa? Mengi ya mambo hayo yana msaada, basi tumpeleke kwenye kituo cha afya. Na kama anameza dawa za shinikizo la damu, aendelee nazo. Kicheko hakishiki nafasi yake.

Juma hili, kila mama amtoe koko chumbani, amketishe katikati ya watoto, amwombe hadithi za ujana wake. Tucheke naye, tusimcheke.