Toleo Jipya Litii Matakwa ya Nani?

Mnamo 2019, albamu ya Unknown Pleasures ya kundi la Joy Division la Uingereza ilitolewa upya kwenye santuri, kuadhimisha miaka 40 tangu ilipotoka Juni 1979. Santuri hiyo ni nyekundu na jalada lake ni jeupe, ilhali jalada la awali lilikuwa jeusi. Badiliko hilo linazua swali ambalo mwanafunzi wa fasihi hawezi kulipuuza: anayetoa upya kazi ya sanaa anapaswa kutii matakwa ya nani?

Jalada hilo lina mchoro wa mawimbi ya redio kutoka kwenye nyota iitwayo CP 1919. Wanamuziki walitaka jalada liwe jeupe. Msanifu Peter Saville akachagua weusi. Yamkini toleo la 2019 limewarudishia walichonyimwa. Hata hivyo, walinyimwa makubwa zaidi. Bernard Sumner na Peter Hook walilalamika kwamba mtayarishaji wao, Martin Hannett, aliipooza sauti yao. Jukwaani walipiga kwa kishindo; studioni Hannett alizitenga ala, akaacha uwazi baina yake, akatia mwangwi, mlio wa lifti na wa kioo kinachovunjika.

Iwapo matakwa ya msanii ndiyo sheria, basi sauti nayo ingepaswa kuchanganywa upya. Haikuchanganywa, na hilo ni jambo la busara. Ubaridi uliowaudhi ndio unaoifanya sauti ya Ian Curtis isikike kama ya mtu aliyeachwa peke yake katika jumba kubwa. Hook mwenyewe alikuja kukiri kwamba Hannett alifanya kazi njema. Curtis, aliyefariki Mei 1980 akiwa na umri wa miaka 23, hawezi kuulizwa.

Kuna watakaodai kwamba jalada ni vazi tu na sauti ndiyo mwili. Dai hilo halina mashiko, kwani weusi ule umekuwa sehemu ya maana ya albamu. Jalada jeupe halidhuru kwa sababu moja tu: jeusi lingalipo, na msikilizaji anaweza kulinganisha.

Hapo ndipo lilipo funzo kwa wahariri wa miswada ya kale na ya waandishi waliofariki. Mhariri ana haki ya kuongeza toleo. Hana haki ya kulifuta lililotangulia. Anayesahihisha kimyakimya, hata kwa nia njema, humnyang'anya msomaji uwezo wa kuamua.