Vokali, grupu na wateja: makampuni yetu yanasema, lakini yanasikiliza?

Pita katika soko la Kadutu mjini Bukavu, ao kati ya maduka ya Butembo, utaona kwamba wauzaji wengi hawaandiki tena. Mtu anakaribisha telefone mdomoni, anasema, anaachilia, imeenda. Ndiyo vokali. Bei ya maharagwe ya leo, gari imekwama wapi, nani hajalipa deni lake: vyote vinapita kwa sauti. Na iko na sababu. Si kila mtu anajua kuandika, telefone inasahihisha Kiswahili chetu vibaya, tena sauti inaonyesha kama mtu anacheka ao amekasirika.

Makampuni makubwa, yenyewe, bado yanatuandikia. Asubuhi unapokea ujumbe mfupi wa Kifaransa: promosheni ya mega za usiku, bei mpya, kukatwa kwa umeme juu ya matengenezo. Ujumbe ule hauwezi kuujibu. Ukipiga nambari ya usaidizi, mashine inakuambia bonyeza 1, bonyeza 2, halafu muziki. Kati ya mama wa sokoni anayesema na wateja wake kutwa nzima na kampuni iliyo na ofisi ya mawasiliano, nani anayejua zaidi jinsi ya kuongea na wakaaji?

Kuongea kwa sauti kwenye intaneti si jambo la jana. Mwaka 2020, wakati korona ilifunga watu nyumbani, programu ya Clubhouse ilitoka Marekani, mara ya kwanza kwa wenye iPhone peke yao, ikafika kwa telefone za Android mwaka 2021. Twitter, ambayo leo ni X, ikaleta Spaces. Facebook na Spotify nazo zikafungua vyumba vyao vya mazungumzo, halafu zikavifunga, ile ya Spotify mwaka 2023. Hapa kwetu vyumba hivyo vilibaki zaidi kwa wanasiasa, waandishi wa habari na ndugu zetu walio Ulaya. Wakaaji wengi wako kwenye WhatsApp. Tangu mwisho wa 2023, WhatsApp nayo imeanza kuruhusu mazungumzo ya sauti ndani ya grupu: haipigi telefone ya kila mtu, anayetaka kuingia anaingia, anayetaka kutoka anatoka. Kwa hiyo chombo tayari tuko nacho mfukoni.

Lakini chombo peke yake hakifanyi mazungumzo. Tukumbuke mambo ya RAM. Tangu Septemba 2020, wenye telefone katika Congo nzima waliona yuniti zao zinakatwa juu ya kodi ya kuandikisha telefone, hadi dola 7 kwa mwaka kwa telefone ya 3G ao 4G. Watu waliuliza: pesa inaenda wapi? Mimi niliyenunua telefone yangu sokoni, nalipa tena ya nini? Maulizo yalijaa katika magrupu, katika vipindi vya radio, mpaka yakafika bungeni Kinshasa. Kodi ile iliondolewa mwanzoni mwa 2022. Kodi iliamuliwa na serikali, si na makampuni, ni kweli. Lakini mteja alikuwa anakatwa ndani ya yuniti alizonunua kwao, basi hasira iliangukia yule aliye karibu. Saa moja ya kuongea kila wiki, kwa Kiswahili, na mtu wa kampuni anayeeleza kile anachojua na kukubali kile asichokijua, isingeondoa kodi. Ingeondoa ile hisia ya kuibiwa gizani.

Mfano mwingine hautoki kwa wafanyabiashara, lakini naona ndio unaofundisha zaidi. Wakati wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, toka Agosti 2018 hadi Juni 2020, ugonjwa uliua watu zaidi ya 2200. Vokali za uvumi zilitembea haraka kuliko motokari za wauguzi: kwamba Ebola ni biashara, kwamba maiti zinatolewa viungo ndani ya mifuko. Watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walipita nyumba kwa nyumba, wakakusanya yale maneno kama yalivyosemwa, hata yale ya matusi. Halafu jambo likabadilika. Mifuko ya kuzikia ikaanza kuwa na sehemu ya kupitisha macho, ili familia ione kwamba ni mtu wao aliye ndani. Hapo mkaaji alijua kwamba neno lake limefika mahali.

Ndiyo maana nasema swali la kwanza kwa kampuni si programu gani itumie. Ni nani atakaa upande wa pili wa sauti. Mara nyingi wanatuma kijana wa matangazo, mwenye sauti nzuri, lakini hana uwezo wa kuamua hata kurudisha yuniti za mtu mmoja. Wateja wanamtambua ndani ya dakika tano. Mara ya pili hawarudi, ao wanarudi kumtukana. Heri fundi anayejua juu ya nini mtaa fulani hauna umeme, ao mkubwa wa depo anayeweza kusema: kesho asubuhi nitaangalia faktire yako. Na wiki inayofuata aanze na lile: tulichoahidi, tumefanya hiki, hiki tumeshindwa.

Wafanyabiashara wadogo wako mbele katika jambo hili. Tuchukue mwenye butiki ya panneau za jua. Anafungua grupu ya wale walionunua kwake. Siku ya tatu mmoja anatuma vokali: batri haishiki hadi asubuhi. Mwingine anajibu kabla ya mwenye butiki: hata mimi, lakini nilipunguza taa moja ikatulia. Hapo muuzaji amepata somo la bure juu ya mali yake. Akiifuta ile vokali ya malalamiko, kama wengi wanavyofanya, siku ile ile itazunguka katika magrupu mengine, na huko yeye hayupo kujibu.

Saa nayo ina maana. Mchana mama yuko sokoni, mtu wa moto yuko barabarani. Jioni baada ya chakula, kama kuna umeme na kama hali ya usalama inaruhusu, watu wanasikiliza. Vokali ya dakika moja kwa kawaida haifiki hata mega moja. Video ya dakika moja inakula mega kadhaa. Kwa mtu anayenunua mega za siku moja, tofauti ile si ndogo. Lakini vokali ya dakika nane ya mkubwa wa kampuni, samahani, hakuna anayeifikisha mwisho.

Kuna upande ambao sauti ni hatari, na katika majimbo yetu haufai kupitwa mbio. Jina unaweza kulificha, sauti ya mtu majirani wanaitambua. Mtu anayelalamika juu ya vizuizi vya barabarani, juu ya nani anayetoza nini kwa lori la mali, anaweza kutafutwa kesho kwa vokali moja iliyotoka nje ya grupu. Kampuni inayofungua mazungumzo inapashwa kusema mwanzoni: tunaongea juu ya huduma na bei, hatuongei juu ya mwendo wa watu wa silaha, na harekodi mtu bila ruhusa. Adimini asiyeweza kusimamia hayo, afadhali apokee vokali kwa upande, moja moja, halafu atoe majibu kwa wote bila kutaja aliyeuliza.

Tena, intaneti si yetu. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, ilikatwa inchi nzima, ikarudi baada ya karibu siku 20. Aliyekuwa ameweka wateja wake wote ndani ya grupu moja alibaki bubu mwezi wa Januari. Pia kuna wamama wengi wenye telefone ndogo isiyo na WhatsApp, na wengine wanatumia ile ya bwana, wanaomba ruhusa kwanza.

Hapo radio inaingia, na nakiri kwamba ninaongea kama mtu wa nyumba hii. Makampuni yananunua kwetu sekunde 30 za tangazo, yanataka irudiwe mara kumi kwa siku. Ni mara chache yanakuja kuomba nusu saa ya kuulizwa. Lakini kazi ile inawezekana bila gharama kubwa: jioni mazungumzo ndani ya grupu, kesho yake dakika kumi za radio ambapo maulizo makubwa yanasomwa bila majina na mtu wa kampuni anajibu kwa Kiswahili, na kama iko Butembo, kwa Kinande pia. Asiye na mega anasikia. Na aliye kijijini, anayepokea habari kwa radio ya jirani, naye anajua faktire yake ataiulizia kwa nani.